Kapu la Tatu

4 Machi

Dada,

Kwanza shikamoo. Pili, nijitetee kabla hujaniuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu zetu tangu mwaka jana ni zilezile: unasema haloo, nasema haloo, mmoja wetu anaanza kulia na mwingine anafuata. Barua ina subira. Mtu anaiweka chini, anafuta macho, anarudi alipoishia.

Siku ile ya msiba uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa. Nikakujibu "kompyuta", ukanitazama kama niliyekwambia nauza upepo. Sasa nakueleza vizuri. Serikali imetoa rasimu ya Sera ya Mito, na kabla kamati haijaipitisha inataka kusikia wananchi wanasemaje. Maoni yanakuja kwa magunia, mengine yamechapwa, mengine yameandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi za mitihani. Hakuna binadamu atakayeyasoma yote. Kwa hiyo sisi tunaifundisha kompyuta kusoma lugha ya watu. Tunaipa mifano, sentensi moja moja: hii inaunga mkono, hii inapinga, hii haihusiki. Baada ya muda inaanza kubagua yenyewe, kama mtu anayechambua mchele akili ikiwa kwingine. Wakubwa wanaiita uchakataji wa lugha asilia. Mimi naiita kuchambua mchele.

Ipo sababu ya kukuandikia haya. Kuna kifungu kinavipa viwanda miaka kumi kurekebisha maji taka yanayoingia mitoni. Miaka kumi, Dada. Na kile kiwanda cha ngozi kilicho juu yenu kimo humo. Andika. Ofisi ya kata kuna sanduku, na si lazima uweke jina. Waambie na wateja wako waandike. Saluni ya msusi ndiyo bunge la mtaa, nani asiyejua?

Msalimie sana shemeji. Juzi nilimpigia, akaniambia "tupo", basi.

Mdogo wako

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika kwa yule kondakta wa basi, imekunjwa mpaka nikadhani ni karatasi ya dawa.

Tupo. Shemeji yako anaenda zamu na kurudi. Siku hizi akitoka kiwandani anaoga kwanza uani kabla hajaingia ndani, hata kukiwa na baridi. Sijamuuliza kwa nini. Chakula anakula akiwa ameelekea mlango. Mwanzoni nilikuwa nikimsemesha, sasa nimemwachia, maana kila mtu ana njia yake ya kubeba, na mimi yangu ni kusuka. Nikiwa na kichwa cha mtu magotini mikono inajua la kufanya.

Kitanda cha Chiriku bado kipo palepale. Mama mkwe alisema kitolewe. Nikamwambia nitakitoa. Nyumba ni kimya mno, mdogo wangu. Yule mtoto alikuwa anaongea hata usingizini, ndiyo maana babu yake alimpa jina la ndege.

Hayo ya sera nimeyasoma mara mbili. Mimi si mtu wa kuandikia serikali. Na wewe unajua tunakula wapi: kiwanda hicho hicho. Msimamizi wa zamu ya shemeji yako anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, na mke wake namsuka mimi. Mtaa huu ukikohoa kwenye kona moja, kona nyingine wanakuambia pole.

Nina swali moja tu. Hiyo kompyuta yenu, mtu akisema jambo kwa kulizunguka, inamwelewa?

Dada yako

*

2 Mei

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tumefanya kazi mpaka macho yamekuwa kama ya samaki wa barafu. Lakini imekamilika, na lazima nikusimulie kwa sababu nina furaha, na furaha ya peke yangu hainogi.

Kompyuta imesoma yote na kuyagawa katika makapu matatu. La kwanza, wanaoiunga mkono sera. La pili, wanaopinga au wanaotaka mabadiliko. La tatu, yasiyohusika. Muhtasari unatoka kwenye makapu mawili ya mwanzo na unakwenda kwa kamati mwezi ujao. Kuhusu kile kifungu cha miaka kumi, nasikitika, waliolalamika ni wachache kuliko nilivyotarajia. Nadhani watu wa mitoni hawakuandika. Nilikuambia mwandike!

Kapu la tatu ndilo burudani yetu wakati wa chai. Kuna mzee ameandika ukurasa mzima kuhusu bata wake waliohama. Mwingine anauliza vyura wameenda wapi, kama vile sisi ndio tuliowapa likizo. Mmoja ameandika habari za blauzi nyeupe ya shule isiyotakata hata aifue vipi, akamalizia na methali ya kikulacho. Mwenzangu wa meza ya pili akasema huyo alikuwa anaenda duka la sabuni akapotea njia. Tulicheka mpaka mkuu wa kitengo akatoka ofisini kwake kuangalia kuna nini.

Swali lako kuhusu kuzunguka sikulielewa vizuri. Kompyuta inasoma kilichoandikwa. Nyinyi mlioandika mliandika nini? Au hamkuandika?

Nisalimie wote.

Mdogo wako

*

30 Mei

Dada,

Kimya. Nimepiga simu mara kadhaa, shemeji anapokea, anasema umetoka, anasema upo kwa mteja, anasema u mzima. Kama unaumwa niambie. Kama nimekukosea niambie pia. Mama alikuwa akisema wewe ukikasirika unakuwa mpole, na huo upole wako wa kutojibu unanitisha.

Mdogo wako

*

11 Juni

Mdogo wangu,

Siumwi.

Blauzi ile ni ya Chiriku.

Sikuwa nimepanga kukuambia. Nilitaka hasira ipite, nikakuandikie habari za mvua na za mama mkwe, uendelee na kazi yako. Imekataa kupita. Kila nikishika kichwa cha mtu nawasikia nyinyi mnacheka na vikombe vya chai mikononi.

Niliandika kwa sababu uliniambia niandike. Nilikaa na ile karatasi siku nyingi. Ningesemaje? Niandike kwamba mwanangu alianza kuumwa tumbo, ngozi ikamtoka madoa, daktari akauliza tunatumia maji gani, nikamwambia ya mto, akainamisha kichwa na asiandike chochote? Wangejua ni nyumba gani. Mtaa huu hakuna mtoto mwingine wa darasa la tatu aliyezikwa mwaka jana. Shemeji yako angeitwa ofisini siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nikaandika kama tunavyosema watu wazima, penye hatari. Niliandika kwamba nakaa karibu na mto. Kwamba nina blauzi nyeupe ya shule, nimeifua kwa maji ya mto, nimeifua kwa maji ya mvua, nimeianika, haitakati. Nikauliza itatakata lini. Nikamalizia: kikulacho ki nguoni mwako.

Nilidhani mtu yeyote aliyelelewa na mama atasikia. Hivi kwetu ni nani anamwendea mkubwa akamwambia uso kwa uso, "Umeniulia mtoto"? Tunamwambia nguo hazitakati. Yule mzee wa bata simjui, lakini nakuambia hakuandika habari za bata. Na vyura, mdogo wangu, wewe hujui vyura wanapoondoka mtoni maana yake nini? Tulikua wote pale.

Ulisema watu wa mitoni hawakuandika. Waliandika. Mliwaweka kwenye kapu la kuchekea.

Sitaki ufanye lolote. Nakuomba kwa jina la mama, usifanye lolote. Nilitaka ujue tu, ili mmoja wetu asibaki anacheka.

Dada yako

*

20 Juni

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikakaa hapo hapo. Watu walikuwa wanaruka miguu yangu kupita.

Sitaandika samahani mara mia. Naiandika hii moja, na najua haitoshi. Mifano ambayo kompyuta ilijifunzia niliichagua mimi. Nilichukua barua za mashirika, za wahandisi, za wanasheria, kwa sababu zimenyooka na zilirahisisha kazi. Kwa hiyo ikajifunza kwamba mwenye hoja ni yule anayesema "kwa mujibu wa kifungu". Mwenye kusema kwa bata haina mahali pa kumweka.

Nililitoa kapu la tatu lote. Mwenzangu wa meza ya pili, yule wa utani wa sabuni, aliniuliza natafuta nini. Nikampa karatasi yako bila kumwambia ni ya nani, nikamwambia asome tena, polepole, na akumbuke imetoka kata ipi. Alisoma. Akatoka nje, aliporudi macho yalikuwa mekundu, akavuta kiti akaanza kusoma na mimi. Tumesoma kwa macho yetu wenyewe, karatasi kwa karatasi, na kilichomo humo sijui nikuelezeje. Kisima kinachonuka kama duka la viatu. Mke anayeulizwa na wakwe kwa nini mimba hazikai. Mwanamume anayelalamika kwamba mbwa wake amekataa kunywa. Karibu wote wako chini ya viwanda, na karibu hakuna aliyetaja kiwanda.

Mkuu wa kitengo alisema muhtasari umeshapelekwa. Nilimwendea tena, na tena, mpaka akachoka na mimi akakubali tupeleke kiambatisho. Na hapa ndipo nina habari njema, Dada: karatasi yako ndiyo ya kwanza, neno kwa neno. Haina jina, haina kata, usiogope. Kamati inakaa wiki ya kwanza ya Julai na mwenyekiti ameomba maoni kadhaa yasomwe kwa sauti. Redio itarusha moja kwa moja. Watakusikia.

Najua ulisema nisifanye lolote. Lakini ningewezaje?

Mdogo wako

*

9 Julai

Walinisikia.

Kiwandani huwa wanafungulia redio wakati wa chakula. Shemeji yako alikuwa ameketi na wenzake. Mwanamke mwenye sauti nzuri akasoma habari za blauzi nyeupe, wenzake wakawa wanatafuna tu, hakuna aliyejua. Yeye alijua. Nani anayeiona ile blauzi kwenye kamba kila wiki kama si yeye?

Alirudi mchana, zamu haijaisha. Hakuoga. Alisimama mlangoni na ovaroli yake, mimi nina mteja, kichwa kimesukwa nusu. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikadhani ananisifu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Akasema, "Ungeniambia mimi kwanza kabla ya kuwaambia redio."

Sikuelewa. Nilimwambia aingie, tuzungumze mteja akiondoka. Akaitazama ovaroli yake kuanzia kifuani mpaka miguuni, akaivua pale pale barazani, akaikunja, akaiweka chini kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akaingia chumbani, akatoka na begi. Mteja wangu alikuwa anaangalia chini. Nilimfuata mpaka barabarani nikiwa na kitana mkononi, nikimwita. Hakugeuka.

Yuko kwa kaka yake, nimesikia. Kazini hajarudi tangu siku hiyo. Hakuna aliyemfukuza.

Nilikuomba kwa jina la mama.

Dada yako

*

27 Julai

Dada,

Hukunituma, lakini nimekwenda. Safari hii sikutaka kukuandikia kabla ya kumwona shemeji.

Kaka yake ana karakana ya useremala nyuma ya nyumba. Shemeji alikuwa anapiga msasa mguu wa meza ambao ulikuwa umeshalainika zamani. Amekonda. Alinisalimia vizuri, akaagiza nipewe kiti, akaniuliza habari za safari, na kwa muda mrefu tukawa tunazungumza mambo ya mbao. Nilimwambia ni mimi niliyeipeleka ile karatasi, kwamba wewe ulinikataza. Nilimwambia methali ile ulikuwa unamaanisha maji, kiwanda, wakubwa wanaokaa nasi huku wanatumaliza. Nilimweleza kama ninavyoeleza wakubwa zangu, kwa utaratibu, hoja juu ya hoja.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Shemeji, ovaroli yangu ilikuwa inafuliwa beseni moja na nguo za mtoto."

Nikasogeza kiti karibu.

"Toka azaliwe," akasema. "Narudi nayo imelowa zile dawa za ngozi, anakuja mbio kunipokea, ananikumbatia miguu. Wewe uliyesoma niambie. Ni mto, au ni mimi?"

Nilimwambia hakuna anayejua. Dada, huo ndio ukweli, hakuna aliyepima, daktari hakuandika kitu. Nilidhani jibu hilo litampumzisha. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye msasa wake. Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi njiani. Akasema nikuambie kwamba hakuondoka kwa hasira. Alisema alishindwa kukaa mezani na wewe akijua unajua.

Ile kompyuta iliona nguo ikadhani ni habari za nguo. Yeye naye aliona nguo, akaona yake. Na mimi niliyejifanya nimeelewa nikaisomea nchi nzima bila kuuliza iliandikwa kwa ajili ya masikio ya nani.

Kamati imepitisha sera. Miaka kumi imekuwa mitatu. Mwenyekiti alisema kiambatisho ndicho kilichomgeuza. Ofisini walitaka kunipongeza, nikaaga mapema. Mkuu wa kitengo anataka sasa tuwatafute watu wa mitoni waje kutusaidia kuifundisha kompyuta namna wanavyosema. Alikutaja, yaani aliitaja ile karatasi. Hajui ni yako. Nakuuliza tu, kwa sababu safari hii nimejifunza kuuliza.

Mdogo wako

*

15 Agosti

Mdogo wangu,

Jibu la mkuu wako ni hapana. Sitaki kuifundisha mashine kusikia uchungu. Wafundisheni wanaokaa kwenye viti kwanza. Lakini mzee wa bata anaweza kukubali, mtafuteni, asije akafa akidhani hakuna aliyemsoma.

Hasira yangu kwako imepungua, haijaisha. Nakuambia ili usije ukaona barua ndefu ukadhani mambo yamekwisha.

Shemeji yako alikuja Jumapili. Mimi nilikuwa peke yangu, nafagia nywele za wateja. Hakubisha hodi, aliketi barazani tu, nikamwona kwa kivuli. Nikaacha ufagio nikatoka nikaketi kando yake. Watu wakapita, wakatusalimia, tukaitikia kama mume na mke wowote waliokaa nje kupunga upepo.

Akaniuliza, "Ulinikusudia mimi?"

Nikamwambia, "Nilikusudia maji."

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua, "Na hujawahi kuifikiria ovaroli?"

Ningeweza kumwambia hapana, mdogo wangu. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini yeye amelala na mimi miaka kumi na miwili, anaijua sauti yangu ninapodanganya. Nimeifikiria. Niliifikiria usiku wa kwanza baada ya maziko, nikaifukuza, ikarudi, nikaifukuza. Niliifikiria nikiwa naifua. Mikono iliyoitia kwenye beseni na nguo za mtoto ni yangu mimi, si yake, na hilo nalo nimelifikiria.

Nikamwambia hivyo hivyo. Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata makaburini hakulia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza yangu, nikawa namshika tu bega, kama unavyomshika mtu asianguke ngazini.

Hakulala hapa. Alisema bado hawezi kukiona kile kitanda. Tumekubaliana akija tena tutakitoa pamoja, yeye upande mmoja, mimi upande mmoja, na kama tutashindwa tutakirudisha.

Mtaani wanashangilia sera. Mke wa msimamizi aliniambia jana, nikiwa namsuka, kwamba serikali safari hii imewasikia wanyonge, miaka mitatu si mingi. Nikamwambia ndiyo, si mingi. Nikaendelea kugawa nywele.

Miaka hiyo mitatu ikiisha, Chiriku angekuwa anamaliza darasa la saba.

Dada yako